Choo kabla ya usingizi wa mchana: safari mbili, si moja

Mkeka ukikutwa umelowa saa 8 mchana, mara nyingi kosa limefanyika saa 6. Katika vituo vya kulelea watoto, ni kawaida watoto kupelekwa chooni mara moja tu, mbio mbio, wakishanawa mikono baada ya chakula, kisha wote wakalazwa. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 safari hiyo moja haitoshi.

Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana huanza kusukuma kilichokuwamo. Ndiyo maana watoto wengi hushikwa na haja kubwa dakika 15 hadi 30 baada ya kula. Ukimpeleka mapema mno hana kitu. Ukishamlaza, ndipo inapomjia, naye ama atazuia ama atamalizia hapo hapo. Anayezoea kuzuia hufunga choo, na kinyesi kigumu kikijaa hukibana kibofu, hata mtoto akajikojolea akiwa macho. Na kibofu chenyewe ni kidogo. Hesabu inayotumika ni umri, jumlisha 1, zidisha kwa mililita 30: mtoto wa miaka 3 hubeba kama mililita 120, ambazo hazifiki nusu ya glasi ya kawaida.

Basi chakula kikimalizika saa 6:00, safari ya kwanza iwe saa 6:15. Hii ni ya haja kubwa na haitaki haraka: mwache mtoto achutame dakika tatu hadi tano, asipopata kitu atoke bila ya maneno. Kisha rudini ndani kwa hadithi au vitendawili, si kwa kukimbizana. Safari ya pili ni saa 6:40, ya haja ndogo tu, na kutoka hapo ni moja kwa moja kulala. Mwenye pupa ya kutoka mwambie ahesabu mpaka ishirini halafu ajaribu tena; mara nyingi mkojo uliobaki ndio utakaolowesha mkeka.

Foleni nayo ina hesabu yake. Watoto 20 kwa vyoo viwili ni karibu nusu saa. Walezi wengi humtanguliza anayejikojolea, na hapo ndipo wanapojiponza, maana atakaa dakika 25 akisubiri wenzake na kibofu kinajaa. Katika safari ya pili yeye awe wa mwisho. Kundi la watoto wanne au watano kwa mara moja linatosha, na mlezi mmoja abaki na waliokwisha kujilaza.

Maji msiwanyime, hasa jua la Kaskazi linapowaka. Wape kwa wingi asubuhi, na nusu glasi pamoja na chakula cha mchana. Chai ya rangi wakati huo haina nafasi. Msishangae pia mtoto aliyekuwa mkavu Februari akaanza kulowa Julai: wakati wa kipupwe jasho ni kidogo, kwa hiyo maji mengi hutokea kwenye mkojo.

Choo cha kuchutama kina faida, kwa kuwa mkao wake husaidia haja kubwa kutoka. Lakini tundu la mtu mzima humtisha mtoto wa miaka miwili. Mpeni poti, au wekeni ubao imara wenye tundu dogo. Kandambili za kituo zikae mlangoni. Kanzu ipandishwe na kufungwa kiunoni kabla hajachutama, na suruali iwe ya mpira, si ya vifungo. Wasichana huchambwa kutoka mbele kwenda nyuma, ili kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo. Mlango usifungwe kabisa, na mlezi awe mahali anapoonekana na mwenzake.

Pampasi ya kulalia si aibu. Avae baada ya safari ya pili, avuliwe mara akiamka na apelekwe chooni. Ikitoka kavu wiki mbili hivi mfululizo, zungumzeni na mama yake kuhusu kuiacha. Kumwinua mtoto usingizini ili akakojoe huokoa mkeka, ila hakumfundishi kitu.

Mkeka wa ukili hunywa mkojo na kubaki na harufu. Wa plastiki huoshwa ukaisha. Kwenye godoro tandikeni mpira, na shuka juu yake. Mtoto akilowa, mtoeni kimya kimya, mumwoshe kwa maji na sabuni na kumbadilisha. Neno “kikojozi” lisitamkwe na mtu mzima, wala kuachiwa wenzake walitumie. Kila mtoto awe na chupi mbili, suruali mbili na fulana moja za akiba. Nguo mbichi ziende nyumbani ndani ya kopo lenye mfuniko, kwani mifuko ya plastiki ni marufuku visiwani Zanzibar.

Sakafu au mkeka wa plastiki uoshwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo itumike jiki. Jiki juu ya mkojo hutoa moshi unaochoma macho na kifua. Msichanganye kamwe jiki na ndimu wala siki kwa ajili ya kuondoa harufu. Hewa inayotoka hapo ni sumu. Palipokuwa na kinyesi, jiki ya asilimia 3.5 changanyeni kipimo kimoja kwa sita vya maji, iache dakika kumi, kisha suuzeni.

Wekeni daftari: nani kalowa, saa ngapi, alipata choo au hakupata. Mzazi aambiwe pembeni, mtoto asisikie: “Mama Salma, leo ni siku ya tatu hajapata choo.” Daftari ndilo litakaloonesha mabadiliko ya ghafla. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi kadhaa akaanza kulowa, huku ana homa au analia akikojoa, apelekwe hospitali. Akinywa maji kupita kiasi na kukonda apelekwe siku hiyo hiyo apimwe sukari. Mkojo ukiwa na damu, mwambieni daktari kama huoga au kucheza kwenye mito na mabwawa, maana kichocho bado kipo Unguja na Pemba.