Kuitoa ekseli ya mbele ya Chevrolet ya 1954 na kuiwekea sasipensheni huru

Pikapu yenyewe ni Chevrolet 3100 ya mwaka 1954, usukani kulia, injini ya silinda 6 za mstari mmoja. Baba mdogo aliitumia miaka mingi kubebea nazi kutoka Mkuranga kuja soko la Temeke. Siku aliponikabidhi funguo aliniambia, "Mwanangu, usinibadilishie sura yake." Sijamwangusha. Ukiitazama kwa nje ni ileile, boneti ileile ya mviringo, taa zilezile. Kilichobadilika kiko chini, na ndicho ninachotaka kukueleza, kwa sababu nilipoanza kazi hii kwenye gereji yangu ya Tandika sikupata mtu wa kunieleza kwa lugha yangu.

Kiwandani waliipa ekseli moja nzima ya chuma, imefungwa kwenye springi za majani. Tairi la kushoto likidumbukia shimoni, la kulia nalo linainama, na usukani unavutwa. Barabara ya Kilwa nikifika kilomita 60 kwa saa nilikuwa naushika kwa mikono miwili kama msukani wa ngalawa siku ya kusi. Kwenye sasipensheni huru kila tairi la mbele lina mikono yake miwili, wa juu na wa chini, lina springi yake na shokapu yake. Linapanda na kushuka bila kumsumbua mwenzake.

Seti nyingi zinazouzwa kwa pikapu za zamani zimefuata mpangilio wa mbele wa Ford Mustang II, gari la Marekani la modeli za mwaka 1974 hadi 1978. Mpangilio ule ni mfupi, umekaa chini, unabebwa na boriti moja inayokatiza chesisi, na usukani wake ni wa raki, fimbo yenye meno inayosukuma matairi kushoto na kulia, inayokaa mbele ya boriti. Ukishaichomelea boriti mahali pake, karibu vyote vilivyobaki vinafungwa kwa bolti. Ubaya ni kwamba boriti ikikaa upande, hakuna bolti itakayoisahihisha.

Kama lako ni Land Rover au Land Cruiser inayovuta mbele, seti hii haikufai. Ekseli ya mbele pale ndiyo inayozungusha matairi.

Kabla hujatuma hela, mwandikie muuzaji mambo matatu. La kwanza, raki ya usukani wa kulia. Kwao Marekani usukani uko kushoto, na usiposema utaletewa ya kwao. La pili, injini yako ni ipi na ni ya chuma kitupu au la, maana springi zinachaguliwa kwa uzito ulioko mbele. Injini ya silinda 6 ya chuma ikiwekewa springi laini, gari litalala mpaka mkono ugonge kizuizi kwenye kila tuta. La tatu, matundu ya habu, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake. Habu za asili za Mustang II zilikuwa na bolti 4 kwa duara la milimita 108, lakini seti nyingi za sasa huja na bolti 5 kwa milimita 114.3, duara lilelile la rimu za saluni nyingi za Toyota zilizojaa Dar. Lakini nyuma pikapu hii ina bolti 6 kwa milimita 139.7, sawa na Hilux nyingi. Mimi niliagiza diski za mbele zenye bolti 6 ili tairi la akiba liweze kwenda popote. Ukinunua rimu za Hilux, pima pia tundu la katikati kama linaingia kwenye habu zako.

Tafuta pia namba ya chesisi imegongwa wapi, ipige picha, izungushie chaki. Kadi ya gari inaitaja namba hiyo. Grenda isiifikie.

Sasa sehemu ambayo naomba uisome mara mbili.

Mara ya kwanza nilifanya kazi nje, kwenye uwanja wa gereji. Unaujua udongo wetu, mchanga mtupu. Tuliweka stendi nne, tukapima, tukaweka alama, tukaenda kulala. Usiku mvua ya masika ikanyesha. Asubuhi fundi wa kuchomelea alikuja na haraka zake: "Dada, alama si zipo? Tunachoma sasa hivi, saa kumi unawasha gari." Nilimkubalia, na kosa ni langu kama lilivyo lake. Stendi ya mbele kushoto ilikuwa imezama. Boriti ilichomelewa ikiwa nyuma milimita 8 upande mmoja, na gari lilipotembea lilivuta kushoto kama limefungwa kamba. Ilibidi nikate, nisage chuma mpaka kiwe safi, nianze upya. Siku nne za grenda.

Kwa hiyo, sakafu ya zege. Kama huna, kodi nafasi kwa mwenye nayo. Mara ya pili nilihamia kwa mzee mmoja wa Keko mwenye sakafu ngumu na subira ya kutosha, na yeye ndiye aliyenifundisha kupima.

Weka matairi na rimu utakazotumia, au angalau jua kipenyo chake. Gari likiwa bado na ekseli ya zamani, pima katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kushoto na kulia. Andika ukutani kwa chaki, si kwenye simu. Angalia tairi linakaaje ndani ya matao ya madigadi; kama sasa linaonekana limesogea nyuma kidogo, huu ndio wakati wa kulirudisha katikati. Kisha liweke gari juu ya stendi kwa mkao uleule litakaoendeshwa nao. Ukitaka pua iname kidogo, iinamishe sasa, halafu boriti uilaze sawa kwa pimamaji. Ukifanya kinyume, pembe ya mikono ya juu itaharibika siku gari litakapokaa chini.

Shusha timazi, uzi wenye risasi mwishoni, kutoka katikati ya ekseli hadi sakafuni, pande zote mbili. Upepo wa bahari unatufikia hata Keko, na timazi letu lilikuwa linacheza. Mzee akachukua kopo la oili chafu, akaliweka chini, risasi ya timazi ikazama ndani ya oili. Ilitulia palepale. Ukitoa kopo unaweka nukta. Unganisha nukta mbili kwa uzi uliopakwa chaki, uvute, uuachie upige sakafu: umepata mstari wa ekseli. Fanya hivyo hivyo nyuma, na weka mstari wa katikati ya gari. Sasa pima mikingamo, mbele kushoto hadi nyuma kulia, na mbele kulia hadi nyuma kushoto. Zilingane ndani ya milimita 2. Zisipolingana, chesisi yako yenyewe imepinda; peleka ikanyooshwe kwanza. Gari la miaka 70 ambalo halijawahi kugongwa ni nadra.

Mistari ya sakafuni inabaki hata ukiitoa ekseli. Ndiyo faida yake.

Kukata ni kazi ndogo. Toa ekseli, springi, mabano yaliyopigwa ripiti. Chesisi ya mbele ya 3100 ni mfereji, upande mmoja uko wazi, na mfereji unajikunja ukivutwa kwa upande. Funga upande huo wazi kwa bamba la milimita 5 kupita eneo lote la boriti, usilichomelee kwa mkupuo, ruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani paka rangi ya kuzuia kutu kabla hujafunga, na acha tundu la maji chini. Hewa ya chumvi ya mji huu inakula chuma kutoka ndani.

Weka boriti, ipige pointi nne tu, vidonge vidogo vya kuishikiza kwa muda. Pima tena kila kitu: pimamaji, timazi, mikingamo. Kisha funga mikono na habu, na mahali pa springi weka kipande cha bomba cha kushikilia mkono wa chini uwe sambamba na sakafu. Hapo rudisha injini na uone kama sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mguu wa mbele wa injini vinapita. Kwangu sampu ilipita, mguu wa mbele ulihitaji kikalio kipya. Ukiridhika ndipo umwite fundi aliyezoea kuchomelea chuma kinene. Mstari wa sentimita 5, apumzike, ahamie upande wa pili.

Shafti ya usukani ilinifurahisha. Kwenye injini hii ekzosi iko kushoto, na sisi tunakaa kulia, kwa hiyo shafti inashuka bila kuungua. Kila kiungo kisipinde zaidi ya nyuzi 30 hivi. Ukihitaji viungo vitatu, weka beringi ya kuishikilia shafti katikati, la sivyo itachezacheza.

Breki usizifanyie ubahili. Masta silinda ya zamani iko chini ya sakafu na ina mkondo mmoja: bomba likipasuka, huna breki hata moja. Weka yenye mikondo miwili. Kwa kuwa iko chini kuliko kalipa, zile zinazobana diski, mafuta yatataka kurudi. Funga vali ya kubakiza shinikizo, psi 2 kwa diski za mbele, psi 10 kwa breki za nyuma za kiatu. Ongeza vali ya kugawa nguvu ili nyuma isijifunge kabla ya mbele.

Kabla ya kuweka springi, jaribu tairi kwa jeki: lipandishe na kulishusha sentimita 2 na nusu kwa mara, na kila mara pima kama limegeuka ndani au nje. Likigeuka sana, raki haiko kwenye kimo chake au tairodi, fimbo zinazotoka kwenye raki kwenda kwenye matairi, hazilingani na mikono.

Kwenye alaimenti, yaani kupima mwelekeo wa matairi, kompyuta ya mafundi haina gari hili. Kijana atataka kuchagua Toyota yoyote. Mpe karatasi: kasta (mhimili wa kugeuzia tairi kuegemea nyuma) nyuzi 3 hadi 4, kamba (tairi kuinama kwa juu, hasi ni kuelekea ndani) nyuzi sifuri hadi hasi nusu, matairi yaelekee ndani milimita 1.5 hadi 3. Kaa naye mpaka amalize. Bushi za mpira ziwe zimekazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa mikono ikining'inia, zinajisokota na kuchanika mapema.

Safari ya kwanza niliifanya alfajiri, Keko hadi Mbagala na kurudi, polepole, nikipita matuta kwa tairi moja kwanza kisha zote. Niliporudi nilikagua kila mchomeo kwa tochi na kukaza bolti zote. Rudia baada ya kilomita 50, halafu 500. Piga mstari wa rangi juu ya nati na bolti yake. Mistari ikiachana utaona bila spana, na nati hiyo usiikaze tena, itupe uweke mpya.