Namna ya Kupata Mkahawa Unaofaa kwa Kazi za Mtandaoni Jijini Dar es Salaam

Mtu anayefanya kazi kwa njia ya mtandao, awe mwandishi wa programu, mfasiri, mhasibu wa kampuni ya ng'ambo au mwalimu anayefundisha kwa video, haendi mkahawani kwa ajili ya kahawa. Anakwenda kutafuta meza, umeme, intaneti na utulivu wa kadiri, na kahawa ndiyo kodi anayolipia nafasi hiyo. Wengi wetu hukosea kwa sababu huchagua mkahawa kama tunavyochagua mahali pa kumpeleka mgeni: kwa sifa za keki, kwa mandhari ya bahari, au kwa picha za mtandaoni zinazoonyesha jani lililochorwa kwenye povu la maziwa, wala hazionyeshi soketi iko upande gani wa ukuta. Mkahawa wa kufanyia kazi hutafutwa kama chumba cha kupanga: unakwenda, unakagua, unauliza maswali ya wazi, ndipo unapohamia.

Anza na barabara kabla ya mkahawa wenyewe. Mikahawa mingi yenye sifa jijini imejikusanya katika rasi ya Msasani, yaani Masaki, Oysterbay na pembezoni mwake, lakini mkazi wa Kimara au Tabata anayekwenda huko kila siku atajikuta amekaa kwenye foleni karibu muda uleule aliokaa mezani. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, limemrahisishia anayetoka Upanga na katikati ya jiji kuingia Oysterbay bila kupita Daraja la Selander, ila halimsaidii sana anayeishi kando ya Barabara ya Morogoro. Kwa huyo, mikahawa ya Posta na Kivukoni inayofikika kwa mwendokasi, au ile iliyo ndani ya Mlimani City na jirani yake kwenye Barabara ya Sam Nujoma, ina maana zaidi hata kama haina bahari. Ongeza hapo hesabu ya masika. Mvua za Machi hadi Mei zinapojaza bonde la Msimbazi, njia hufungwa pale Jangwani na safari za mwendokasi kuelekea mjini husitishwa, kwa hiyo ni lazima uwe na angalau mkahawa mmoja ulio upande wako wa bonde. Kwa maoni yangu, mkahawa wa kawaida ulio umbali wa dakika 15 kutoka nyumbani unaushinda mkahawa wa kifahari ulio umbali wa saa nzima, na sijaona bado sababu ya kubadili maoni hayo.

Jambo la pili la kuamua ukiwa bado nyumbani ni saa zako halisi za kazi, kwa kuwa mkahawa uleule hugeuka kuwa mahali pengine kabisa kadiri siku inavyosogea. Anayemtumikia mteja wa London anaanza kuhitajika saa 6 mchana wakati wa baridi ya Ulaya, na saa 5 asubuhi wakati wa kiangazi chao, maana yake ni kwamba kikao chake cha kwanza kinaangukia moja kwa moja kwenye msongamano wa chakula cha mchana. Anayemtumikia mteja wa New York anaanza saa 11 jioni, au saa 10 alasiri saa zao zinaposogezwa mbele, ambapo mikahawa mingi hupandisha sauti ya muziki na kuanza kuwakaribisha watu waliotoka kazini. Huyu wa pili anahitaji mkahawa wenye chumba cha ndani au ghorofa ya juu, na aulize mapema unafungwa saa ngapi, kwa sababu jiko huweza kufungwa saa nzima kabla ya mlango.

Ukishapata majina matatu au manne, yatembelee bila mzigo wa kazi, ukiwa na simu tu, katika saa zilezile unazotarajia kufanya kazi. Agiza kinywaji kimoja, unganisha simu na waifai, kisha pima kasi mara tatu kwa kuachana dakika 20 hivi. Watu wengi hutazama kasi ya kupakua peke yake na kufurahi, ilhali kinachoharibu kikao cha video ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma: mazungumzo ya video ya watu wawili kwa ubora mzuri huhitaji zaidi ya megabiti 1 kwa sekunde kwenda na zaidi ya megabiti 1 kurudi, na mkutano wa watu wengi huhitaji takriban mara mbili au tatu ya hapo. Mimi siketi mahali ambapo kupakia kuko chini ya megabiti 5, kwa sababu kiwango kinachotosha saa 3 asubuhi mkiwa watu wanne ndani hakitatosha saa 7 mchana mkiwa 40. Kumbuka pia kwamba programu za kupimia kasi kwa kawaida huchagua zenyewe seva (kompyuta ya mtandaoni ya kupimia) iliyo karibu, mara nyingi hapahapa Dar es Salaam, na hivyo hukuonyesha safari ya kwenda mtaa wa pili. Badilisha seva, chagua ya nchi aliyoko mteja wako, ndipo utakapoona hali halisi.

Uliza pia waifai inatolewa kwa utaratibu gani. Baadhi ya mikahawa hukupa nenosiri moja la siku nzima, mingine huchapisha kwenye risiti namba inayokwisha muda wake baada ya saa moja, na hii ya pili imewahi kukata vikao vya watu katikati ya sentensi. Angalia vilevile mawimbi ya simu yako ukiwa umeketi mezani, wala si mlangoni, kwa kuwa bando lako ndilo akiba ya mwisho na maduka ya ndani kabisa ya majengo makubwa mara nyingi huwa na mawimbi dhaifu. Kikao cha video huweza kula takriban gigabaiti 1 kwa saa, hivyo nunua bando kabla ya kikao, usisubiri waifai izime. Kuna siku ambazo hakuna mkahawa utakaokuokoa: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania nzima na katika nchi jirani, na aliyekuwa amehama kutoka meza moja hadi nyingine mjini alipoteza nauli tu.

Sasa umeme, ambao ndio ulionifundisha kuuliza maswali kwa usahihi. Niliwahi kuhamia mkahawa mmoja kwa sababu mhudumu alinihakikishia kwamba wana jenereta, na kweli wiki ya pili umeme ulipokatika, jenereta ilinguruma, taa zikawaka na friji ya keki ikaendelea kupoa. Waifai peke yake ndiyo haikurudi, kwa kuwa ruta ilikuwa ofisini kwenye soketi ambayo haikuunganishwa na jenereta, na meneja mwenye funguo alikuwa ameenda benki. Tangu siku hiyo siulizi kama kuna jenereta. Nauliza: «Umeme ukikatika, waifai inabaki?» Mhudumu akisita, nimeshapata jibu.

Hesabu soketi kwa macho, kisha uchomeke chaja kwenye ile unayoitaka, kwa sababu soketi nyingi za mikahawani zimelegea kwa kutumiwa na kila mtu, na nyingine zimezimwa makusudi. Soketi zetu ni za pini tatu za Kiingereza, kwa hiyo aliyenunua kompyuta mpakato iliyotoka Ulaya au Marekani abebe adapta yake mwenyewe. Beba na ekstensheni fupi yenye matundu mawili. Utamfaa jirani wa meza, na jirani wa meza uliyemfaa ndiye atakayekulindia nafasi ukienda kunawa. Pawabenki ya mAh 20,000 ina nishati ya wati-saa 74 hivi kabla ya upotevu, ambayo inakaribia chaji moja kamili ya kompyuta ndogo, ila hakikisha ina tundu la USB-C lenye nguvu ya wati 45 au zaidi, la sivyo itachaji simu tu.

Kuhusu kiti sitasema mengi: sofa ni mtego. Meza za chini zilizotengenezwa kwa vikombe zitakuumiza shingo kabla ya saa ya pili kwisha, kwa hiyo tafuta meza ya kulia chakula na kiti kigumu chenye mgongo. Kaa mbali na mashine ya kusaga kahawa na blenda ya juisi, na geuza mgongo wako kwenye ukuta ili kioo cha kompyuta yako kisisomwe na kila anayepita. Jua nalo lina upande wake. Slipway, penye maduka na mikahawa kwenye rasi ya Msasani, inatazama magharibi, kwenye Ghuba ya Msasani, na machweo yake yanayosifiwa ndiyo yatakayokupofusha kuanzia saa 10 alasiri ukiketi nje, ilhali upande wa Coco Beach unaotazama bahari kuu hupigwa na jua la asubuhi. Wakati wa joto la Desemba hadi Machi usijidanganye na upepo wa baharini, ingia ndani penye kiyoyozi.

Linalobaki ni uhusiano na wenye mkahawa, na hapa ndipo watu wengi hujifukuza wenyewe. Tuseme kahawa ni shilingi 6,000 na umekaa saa sita kwenye meza ya watu wanne: umelipa shilingi 1,000 kwa saa kwa nafasi ambayo wakati wa chakula cha mchana ingeingiza sahani nne. Utaratibu ninaoufuata ni kuagiza kitu kila baada ya saa moja na nusu au mbili, kula chakula cha mchana hapohapo, na kuhamia meza ndogo saa 6 mchana inapokaribia bila kusubiri kuombwa. Siku ya kwanza jitambulishe. Sentensi moja ya heshima inatosha: «Dada, habari za kazi. Naomba kukaa na kompyuta hadi saa 8, na chakula nitakula hapa. Kuna meza ambayo sitawazuia wateja wenu?» Mhudumu aliyeulizwa hivyo atakuonyesha kona ambayo wewe mwenyewe usingeiona. Kijiwe cha kahawa cha mtaani, chenye birika la shaba na kashata, kina mazungumzo bora kuliko mkahawa wowote wa Masaki, na ndiyo sababu hakuna kazi inayofanyika pale.

Vikao vya sauti vinahitaji hedifoni yenye maikrofoni, na vikao vya siri havifai mkahawani kabisa. Ukiwa na taarifa za mishahara, za wagonjwa au za kesi, lipia siku moja kwenye ofisi za pamoja, na kazi ya kusoma na kuandika kimya ipeleke Maktaba Kuu ya Taifa kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1967. Kwenye waifai ya watu wote, kampuni nyingi za nje hutaka mfanyakazi atumie VPN, yaani programu inayoficha mawasiliano yake yasisomwe na wengine. Kumbuka kwamba TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza mwezi Oktoba 2023 kuwa wanaozitumia kwa shughuli zao wanatakiwa kuzisajili, hivyo zungumza na mwajiri wako mapema. Ukienda msalani, kompyuta iende nawe, hata kama jirani ni mwema.

Andika matokeo ya ukaguzi wako kwenye daftari, mkahawa mmoja ukurasa mmoja: kasi kwa saa, soketi zilizopo, saa za kufunga, jina la mhudumu wa zamu. Rudia kupima kila baada ya miezi michache, maana meneja hubadilika, waifai hupunguzwa, na siku moja utakuta soketi ya ukuta wako imefunikwa kwa utepe wa gundi. Ukikuta hivyo, lipa bili, waage vizuri, ufungue ukurasa unaofuata.