Chatu Anapopumua kwa Mdomo: Jinsi ya Kutambua na Kutibu Ugonjwa wa Mapafu kwa Nyoka wa Kufugwa

Kila kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, wafugaji wa Nairobi, Arusha na nyanda nyingine za juu huniuliza swali lilelile: chatu anapumua kwa mdomo, tumpe dawa gani? Kabla ya kutaja dawa yoyote, mimi huuliza kizimba kina joto kiasi gani saa kumi za alfajiri. Mara nyingi ugonjwa umeanzia hapo, na usiporekebisha hapo, sindano zote utakazomchoma hazitafika mbali.

Mwongozo huu ni wa nyoka wasio na sumu, hasa chatu: yule mkubwa wa kwetu, na yule mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye wengi wenu mlioko Ulaya na Marekani ndiye mnayemfuga. Mwenye swila, kifutu au koboko asithubutu kufungua mdomo wa nyoka wake. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa, akiwa na vifaa na msaidizi.

Uelewe kwanza mwili wake. Nyoka hana kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Hupumua kwa misuli ya mbavu, na hawezi kukohoa kwa nguvu akatoa makohozi. Pafu la kulia ni refu sana: sehemu ya mbele ndiyo inayoingiza oksijeni kwenye damu, ya nyuma ni mfuko mtupu. Pafu la kushoto kwa nyoka wengi halipo au limebaki dogo mno. Chatu analo, ila ni fupi. Ute ukishuka kwenye ule mfuko wa nyuma, kupanda tena ni shida. Tena usaha wa nyoka haumiminiki kama wa binadamu, bali huganda, kwa sababu chembe zake nyeupe za damu zina upungufu wa kimeng'enya cha kuuyeyusha. Kwa hiyo povu linapoonekana mdomoni, ujue ugonjwa umekaa ndani kitambo.

Hatua ya 1: Mtazame kabla ya kumshika

Kaa kimya mbele ya kizimba. Nyoka mzima hupumua polepole, mdomo umefungwa, na huweza kutulia kwa muda mrefu kati ya pumzi moja na nyingine. Mgonjwa utamwona ameinua kichwa na shingo ili apate hewa, koo limevimba, mdomo uko wazi kidogo. Sogeza sikio: utasikia mkoromo, au sauti ya vipovu vikipasuka. Angalia kioo na ukingo wa bakuli la maji, huenda kuna alama za kamasi iliyokauka. Kukataa chakula peke yake si ushahidi, maana Python regius anaweza kususa kwa miezi akiwa mzima kabisa.

Kuna sauti moja inayowatisha watu bure. Nyoka anapokaribia kujivua gamba, macho huwa na ukungu na pua hubanwa na ngozi ya zamani, akatoa mluzi mwembamba. Akishajivua, mluzi huisha. Ukiendelea, au ukiambatana na ute, hilo si gamba tena.

Hatua ya 2: Rekebisha joto siku hiyohiyo

Damu ya nyoka hufuata joto la mahali alipo, na kinga yake pia. Akipoa, chembe za kinga huzorota, ilhali bakteria wengi waliomo mdomoni mwake siku zote, kama Pseudomonas na Aeromonas, hawajali baridi hiyo.

Pima kwa kipimajoto chenye waya, ncha ikiwa pale anapolala. Kipimo cha kubandika ukutani hudanganya. Kwa chatu anayeumwa, upande wa moto uwe takribani nyuzi 32, na upande wa baridi usishuke chini ya 27, hata usiku. Acha tofauti hiyo iwepo, ili achague mwenyewe. Usipitishe 34 ukidhani unaharakisha uponaji. Pedi ya joto au balbu ya kauri lazima iongozwe na themostati, kifaa kinachozima na kuwasha joto chenyewe, la sivyo utamuunguza, na nyoka haondoki kwenye kitu kinachomuunguza kama unavyotarajia.

Umeme ukikatika, funga chupa za maji ya moto kwa taulo uziweke pembeni, kisha funika kizimba kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa. Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho kabisa. Moshi wake unaua mapafu yaleyale unayojaribu kuokoa, na wewe unaweza kufia humo pamoja naye.

Unyevu uwe asilimia 50 hadi 60, uongezeke kidogo anapojivua. Wengine hurusha maji ovyo huku matundu ya hewa yameziba. Unyevu uliotuama juu ya matandiko machafu ndio unaolea vijidudu. Toa matandiko yote, weka karatasi, ubadilishe kila ikichafuka. Kwenye karatasi nyeupe utaona pia utitiri, vidoa vyeusi vinavyotembea. Hao hunyonya damu, humdhoofisha, na huweza kusambaza maradhi.

Hatua ya 3: Mtenge

Chumba kingine, bakuli lake, koleo lake. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa kwa sabuni. Vaa glavu: nyoka hubeba bakteria wa Salmonella, na chatu wa porini wa Afrika huweza kuwa na Armillifer mapafuni, kimelea ambacho mayai yake hutoka kwenye ute na kinyesi na huweza kumwingia binadamu. Usimlishe anapopumua kwa mdomo. Maji safi yawepo.

Hatua ya 4: Chungulia mdomo, mara moja tu

Msaidizi ashike mwili, wewe shika nyuma ya kichwa bila kukaba. Pitisha kadi laini ya plastiki pembeni mwa midomo. Ndani pawe na rangi ya waridi iliyopauka. Tundu la hewa liko mbele, sakafuni mwa mdomo, likifunguka na kufunga. Ukiona ute unaovutika, vipovu, wekundu au vipande vya usaha wa manjano, piga picha umwachie. Akikataa, acha, kumsumbua kunamwongezea dhiki.

Hatua ya 5: Daktari wa mifugo, na sampuli kabla ya dawa

Hapa ndipo ninapowasihi. Msinunue antibiotiki ya kuku dukani mkakisia kipimo. Mwombe daktari achukue majimaji ya koromeo kwa kulisafisha na maji ya chumvi, maabara ioteshe bakteria na kupima ni dawa gani inayowaua. Ukishampa dawa, majibu hayo yanaharibika. Eksirei husaidia kuona pafu limejaa kiasi gani. Nenda na uzito wa nyoka kwa gramu, rekodi za joto, na kwa walioko Kenya, kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwani sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumweka nyoka wa porini bila hicho.

Akiwa anahema kwa shida muda wote, usingoje miadi. Mpeleke leo, ndani ya mfuko wa kitambaa, kwenye boksi lenye joto.

Hatua ya 6: Sindano na mvuke

Antibiotiki inayotumika sana ni ceftazidime, kwa kawaida miligramu 20 kwa kila kilo, msulini, kila baada ya saa 72. Msishangae nafasi hiyo. Mwili wa nyoka huondoa dawa taratibu. Daktari ndiye anayeamua kipimo na muda, na mara nyingi ni wiki kadhaa. Anaweza kukupa mabomba ya sindano yaliyojazwa dawa uyagandishe. Yeyusha moja kiganjani, usilichemshe. Choma theluthi ya mbele ya mwili, kando ya uti wa mgongo, sindano ipite kati ya magamba, na ubadilishe upande kila mara. Enrofloxacin hufanya kazi, lakini huunguza misuli. Amikacin ni kali kwa figo, haitolewi kwa nyoka aliyekauka maji.

Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke, ikitumiwa ndani ya boksi lililofunikwa, dakika 15 hadi 30, hulainisha ute. Tumia tu kile alichoandika daktari.

Hatua ya 7: Baada ya dozi

Usikatishe sindano kwa sababu mkoromo umetulia. Mpime uzito kila wiki. Akikaa kimya, mdomo umefungwa, mpe panya mdogo kuliko kawaida yake.

Asipopata nafuu, au akipona na kurudia, omba kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za virusi, cha nidovirusi, waliotambuliwa kwa chatu mwaka 2014, na cha ferlavirusi. Virusi hawa hawana dawa, na chatu anaweza kuwabeba huku akionekana mzima. Mwenye majibu chanya abaki peke yake maisha yake yote: asiuzwe, asiazimwe kwa kupandisha. Na kila nyoka mgeni, hata akitoka kwa rafiki unayemwamini, akae karantini angalau siku 90 na apimwe kabla hajaingia chumba cha wenzake.