Kula na kulala Deira: njaa haitakusumbua, kitanda ndicho cha kuogopa

Nyie mnaojiandaa kuja Dubai, na nyie mliokwisha kufika mkashukia Deira, sehemu kongwe ya mji, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Pa kula kwa bei nafuu nitawaonyesha. Lakini kwanza tuongee kitanda, maana ndicho kilichonitia hasara, na kila mwezi nasikia mwenzetu mwingine kaingia palepale.

Mimi nilikuja kwa maelekezo ya shangazi yangu wa Tanga. Yeye aliambiwa na mama mmoja kwamba "kuna kijana wetu Deira ana vitanda". Hilo neno "wetu" lilitutosha. Kijana alinipokea vizuri, akanipeleka kwenye ghorofa jirani na Al Rigga. Vyumba viwili na sebule vilikuwa vimekatwakatwa kwa plaiwudi, kila kipande kina vitanda vya juu na chini na pazia. Tulikuwa watu kumi na wanane, vyoo viwili, jiko moja. Nililipa dirhamu 700 za mwezi, 500 za dipoziti na 100 za ufunguo. Taslimu, mkononi, bila karatasi.

Wiki ya tano, jioni, nimebandika maharage, wakaguzi wakagonga. Hawakumfokea mtu. Walipiga picha zile mbao, wakahesabu vitanda, wakaandika, wakaondoka. Kesho yake tukaambiwa tutoke wote. Simu ya kijana wetu ikawa haipatikani. Nilisimama nje mwezi wa Agosti, na joto la huku hata usiku halipungui, nina begi moja na lile sufuria la maharage nililolifunga kwa kanga lisimwagike. Dipoziti haikurudi hadi leo.

Sasa sikilizeni. Kwetu ukigombana na mwenye nyumba unakwenda kwa mjumbe au serikali ya mtaa, majirani wanasema "huyu tunamjua, anakaa hapa". Huku ushahidi wa jirani haukupeleki mbali. Mkataba wa nyumba husajiliwa kwenye mfumo wa serikali uitwao Ejari, unaotoa cheti, na tangu 2022 kila anayeishi ndani anatakiwa kuorodheshwa kwa kitambulisho chake cha Emirates, kile cha ukaazi, kupitia programu ya simu ya Dubai REST. Sheria Na. 26 ya 2007 inamkataza mpangaji kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Akifanya hivyo, mwenye nyumba anaweza kudai mtolewe wote wawili, yeye na wewe uliyemlipa kwa nia njema. Na kukata vyumba kwa mbao bila kibali ni kosa jingine. Mwaka 2025 msako wa vyumba vya namna hiyo ulipita Al Rigga, Al Muraqqabat na Satwa, kulekule tunakojazana.

Nilikuja kugundua nimechelewa kwamba sheria hiyohiyo ya 2007 inamwachia mpangaji wa ndani, yaani aliyepangishwa na mpangaji, haki ya kumdai fidia aliyempangisha. Haki ipo! Lakini uithibitishe kwa nini, kama ulilipa taslimu? Na ada ya kufungua shauri kwenye kituo cha migogoro ya upangaji haishuki chini ya dirhamu 500, sawasawa na dipoziti yangu.

Kwa hiyo, usitoe hata dirhamu moja kabla hujaona cheti cha Ejari chenye jina la huyo anayekupangisha, na barua ya mwenye nyumba inayomruhusu. Akisema "karatasi iko ofisini", ondoka. Akisema "sisi ni ndugu, karatasi za nini", ondoka haraka zaidi. Ukilipa, lipa kwa benki na uandike ni ya nini. Kama bado huna kitambulisho cha Emirates, majuma ya mwanzo kaa hosteli yenye leseni. Ni ghali kuliko kitanda, lakini risiti unapewa na usiku unalala. Na popote utakapolala, inua godoro uangalie pembeni kama kuna kunguni kabla ya kufungua begi.

Shangazi zangu na wajomba mlioko nyumbani, nawaheshimu, na najua mnatutakia mema. Lakini msimpakie mtoto ndege kwa sababu kuna "mtu wetu". Muulizeni huyo mtu jina kamili, anwani na karatasi, kama ambavyo mngemuuliza anayekuja kuposa.

Haya, chakula. Hutakuta mama lishe barabarani, kuuza bila leseni hakuruhusiwi. Kazi hiyo inafanywa na kafeteria ndogo, nyingi za watu wa Kerala, India. Chai ya karak dirhamu moja au mbili, imechemshwa na maziwa na iliki, mtu wa pwani ataipenda. Parata la yai linakufikisha mchana. Shawarma ya kuku, ukikaa mbali na maduka makubwa, unapata kwa chini ya dirhamu kumi. Kwenye migahawa ya Kipakistani agiza dengu, mkate wa tanuri unakuja wa moto, mkubwa kuliko sinia, wawili mnashiba. Ukichoka na mchele nenda mtaa wa Frij Murar, hapahapa Deira, kwa Wahabeshi, kula injera. Samaki nunua soko la Waterfront Market, wanakusafishia hapohapo.

Kwenye hizo kafeteria kuna jambo linaniuma. Mtu anasimamisha gari, anapiga honi, na kijana anatoka mbio juani kumpelekea chai ya dirhamu moja dirishani. Wenyeji wameshazoea, na wengi wao ni watu wakarimu kweli, Ramadhani wanafuturisha maelfu bila kuuliza dini ya mtu. Lakini mimi nimelelewa kwamba ukitaka kitu kwa mtu unapiga hodi, unamsalimia. Kijana anayeniuzia chai ana watoto wawili aliowaacha wadogo. Sote hapa tuna mtu tuliyemwacha. Mjue jina anayekupikia.

Usafiri: nunua kadi ya nauli iitwayo Nol, ile ya rangi ya fedha, dirhamu 25, ndani yake 19 ni salio. Ndani ya metro usile, usinywe hata maji, usitafune hata bazoka: faini 100. Wanaume, tazameni sakafu, behewa la wanawake na watoto limewekewa mstari wa waridi, na ukivuka ni 100 nyingine. Barabara vuka penye alama tu.

Kuvuka Khor, mkono wa bahari unaougawa mji, kwenda Bur Dubai panda abra, boti ndogo ya mbao, dirhamu moja. Jioni upepo ni mzuri, na siku moja mzee wa Kiomani kanisikia naongea na simu, akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja tukafika ng'ambo tunaulizana habari za Darajani. Shika sarafu mkononi mapema, nahodha anakusanya mkiwa tayari majini.