Kutumia mashine ya TENS nyumbani kwa maumivu ya siatika

Maumivu ya siatika huanzia kiunoni, yakapita takoni na kushuka nyuma ya paja, wakati mwingine hadi unyayoni. Mashine ya TENS, ile ndogo ya betri yenye nyaya na pedi za kubandika, inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi, haiondoi kilichobana neva. Inachofanya ni kutuliza. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba neva nene za mguso zikiamshwa, taarifa za maumivu huzuiliwa kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo tunatafuta msisimko, wala si maumivu mengine.

Usiitumie bila ruhusa ya daktari kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifafa, ujauzito, saratani, au mguu uliovimba kwa damu iliyoganda. Na ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ukapata ganzi katikati ya mapaja au mguu ukakosa nguvu, achana na mashine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

1. Pima hisia. Gusa ngozi kwa pamba, kisha kwa ncha ya kijiti cha meno, ukilinganisha na upande usiouma. Pasiposikia, usibandike pedi. Wenye kisukari nawasisitizia zaidi, maana penye ganzi unaweza kuungua usijue.

2. Osha na kausha ngozi. Usipake mafuta. Pedi iliyoshika kona moja tu hukusanya umeme wote kwenye kona hiyo, na hapo ndipo panapochoma.

3. Bandika mashine ikiwa imezimwa. Pedi moja pembeni ya uti wa mgongo, chini kiunoni, upande unaouma. Ya pili takoni. Ukiwa na jozi nyingine, weka nyuma ya paja na kwenye shavu la mguu. Pedi zisigusane. Kamwe usiweke mbele ya shingo, kifuani wala kichwani.

4. Chagua mpangilio. Anza na 80 hadi 100 Hz, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Mashine ikionyesha namba za programu tu, angalia kijitabu chake.

5. Pandisha nguvu taratibu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiacha chini mno, halafu wanasema haifanyi kazi. Mwanzoni husikii kitu. Kisha unakuja mwasho mwepesi, kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka. Endelea mpaka msisimko uwe mkali lakini usiumize. Msuli ukianza kuruka, shusha kidogo. Baada ya dakika chache mwili huzoea na msisimko hufifia. Ongeza tena kidogo.

6. Kaa nayo dakika 30, na ukiizoea fika hata saa moja. Unaweza kurudia mara mbili au tatu kwa siku. Usilale nayo, usiendeshe gari, usiingie nayo bafuni.

7. Tumia nafuu hiyo kutembea. Maumivu yakishuka, zunguka nyumbani na ufanye mazoezi uliyopewa. Kukaa kitako wakati huo ni kupoteza nafasi nzuri.

8. Zima kwanza, ndipo ubandue, ukishika ukingo wa pedi, si waya. Wekundu hafifu unaopotea upesi si tatizo. Malengelenge ni sababu ya kuacha. Pedi ikikauka, ipake tone la maji kwa kidole, uirudishe kwenye plastiki yake. Isipogandia tena, nunua nyingine.