SOMO: Yangu, wangu, langu au changu? Soma kabla hujachapisha kadi ya harusi

Wakuu, nachapa barua na kadi hapa Moshi mjini, na maelezo haya nayarudia kaunta kila siku. Nayaweka hapa yote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Hatua ya 1. Tazama kwanza kinachomilikiwa. Mwenye nacho asubiri hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2. Kitie kwenye wingi, ngeli (kundi la jina) itajitokeza. Kihamba changu, vihamba vyangu (kihamba ni shamba la ukoo). Mgomba wangu, migomba yangu. Ukuta wangu, kuta zangu. Simu yangu, simu zangu. Gari langu, magari yangu. Najua "gari yangu" imejaa stendi nzima, na kwenye mazungumzo haina shida, ila barua ya mkopo iandikwe "gari langu". "Yangu" inachanganya kwa sababu ina kazi nyingi: ni umoja kwenye nyumba yangu, ni wingi kwenye magari yangu na migomba yangu.

Hatua ya 3. Sasa mtazame mwenye mali: -angu, -ako, -ake, -etu, -enu, -ao. Watoto watano wenye mpira mmoja: mpira wao. Mtoto mmoja mwenye mipira mitano: mipira yake.

Hatua ya 4. Watu. Hapa ndipo kadi zinapoharibika, soma polepole. Kiongozi ni mtu, kwa hiyo kiongozi wetu, kamwe si "kiongozi chetu". Dereva wangu, fundi wangu, daktari wangu. Lakini majina mengi ya undugu na ujirani yasiyoanza na m- huchukua yangu na zangu: baba yangu, shangazi yangu, shemeji yangu, jirani yangu, ndugu zangu, rafiki zangu. Usiandike "baba wetu mpendwa", andika "baba yetu mpendwa". Tena angalia, kitenzi hakifuati hiyo zangu. Ndugu zangu WAMEFIKA. Ukiandika "zimefika" umewageuza barua. Mjomba anaanza na m-, basi ni mjomba wangu.

Onyo la pili ni maneno yaliyoungana. Mkeo ni mke wako, mkewe ni mke wake. "Mkewe wake" ni kumiliki mara mbili, futa moja. Na "mwanao" laweza kusomeka mwana wako au mwana wao. Familia ikialika watu "kwenye harusi ya mwanao", mwalikwa anajiuliza ni mwanawe yupi anayeoa. Andika "mtoto wao", mambo yaishe.

MASWALI

Wa Kiborloni: Mkuu, kwani tukisema "kitabu yangu" hatuelewani?
— Tunaelewana. Somo ni la kuandika, imo hatua ya 2.

Wa Sakina, Arusha: Ng'ombe je? Babu anasema "ng'ombe zangu", mwalimu alitufundisha "wangu".
— Swali zuri sana dada. Mmoja ni ng'ombe wangu. Wengi utasikia zote mbili, na "zangu" ya babu ina faida: msikilizaji anajua papo hapo kwamba ni wengi. Kitenzi kinabaki cha viumbe: ng'ombe zangu wamekunywa maji. Msikilize babu.

Wa Majengo: Shemeji wangu au yangu?
— Hatua ya 4. Nimemtaja kabisa.

Wa Marangu: Nikiwa na sifa pia, ipi inatangulia? "Gari jipya langu"? Na "mahali" je?
— Kimilikishi (yangu, langu na wenzao) kinakaa karibu na jina: gari langu jipya, ndugu yangu mdogo, kihamba chetu kikubwa. Na mahali, kaka, ni mahali pangu.

Wa Sakina: Asante. Kadi zetu ni za mwezi ujao, nifanyeje zisitoke na makosa?
— Chapa moja tu kwanza. Mpe shangazi au mtu mzima wa ukoo aisome kwa sauti, majina yote na vyeo vyote, wewe ukiwa na kalamu. Akikwama mahali, hapo rekebisha, ndipo uagize zilizobaki.