Somo: Sikio la ndani linavyohisi mzunguko na mvutano wa dunia

Tafuta kiti cha ofisi kinachozunguka, saa ya sekunde na mtu wa kukishika. Mwenye kifafa, shingo mbovu au aliyetoka kula sasa hivi asikalie.

1. Kaa wima, kisha inamisha kichwa mbele nyuzi 30. Wengi huruka hatua hii. Kila sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, na ule wa ulalo umeinuka kwa mbele kiasi hicho. Ukiinama ndipo unapolingana na mzunguko wa kiti.

2. Funga macho, uzungushwe kulia mara 10 kwa sekunde 20, kasi isibadilike. Mwanzoni fuvu linakwenda, majimaji yanachelewa, yanausukuma utando laini ulioziba mfereji na kupinda vinyweleo vya seli zilizo chini yake. Kasi ikitulia, majimaji huenda pamoja na kichwa, utando hunyooka na hisia hufifia, ilhali bado unazunguka!

3. Kiti kisimamishwe ghafla, fungua macho. Majimaji yangali yanakwenda kulia, kwa hiyo utahisi unazunguka kushoto. Macho huteleza polepole kulia, kisha huruka kushoto. Usiinuke mpaka yatulie.

Mvutano wa dunia ni kazi ya vifuko viwili jirani. Juu ya ute wake zimelala punje za chokaa, nzito kuliko majimaji. Kichwa kikiinama, zinauvuta ute.

Maswali ya wanachama

*Mbona ndege ikikimbia kuruka nahisi nimelazwa chali zaidi ya ilivyo?*
Ndege ikiongeza kasi, punje hubaki nyuma kama vile umeinua uso juu. Vifuko havitofautishi mambo hayo mawili. Macho ndiyo huamua. Ndiyo maana rubani gizani hufuata vipimo, si hisia.

*Kila nikijigeuza kitandani chumba kinazunguka, kisha kinaacha.*
Kikidumu chini ya dakika moja, huenda punje zimeingia mferejini, mara nyingi ule wa nyuma. Mtaalamu huzirudisha kwa kugeuza kichwa kwa hatua za Epley. Ukiona viwiliviwili, ulimi ukiwa mzito au upande mmoja ukilegea, nenda hospitali mara moja.

*Macho ya mwenzangu hayakuruka.*
Pengine kiti kilipunguzwa mwendo taratibu, au alikazia macho kitu. Kukazia huzima miruko. Mwekee karatasi nyeupe tupu karibu na uso, urudie.